Fomu ya tovuti inasema "Asante, tumepokea ujumbe wako" lakini barua hazifiki. Tatizo ni hosti (kampuni inayotunza tovuti), kodi (maandishi ya programu) au Gmail?

#1 Nahodha_Kibirizi
Wakuu habari za jioni, naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nipo Kigoma, nina boti ya kupeleka wageni Gombe na vyumba vinne vya kulala hapa mjini. Mwaka jana kijana mmoja wa Kasulu alinitengenezea tovuti, nzuri tu, picha za ziwa zipo, bei zipo, na ukurasa wa mawasiliano una fomu: jina, imeili, tarehe ya kufika, idadi ya watu, namba ya pasipoti, ujumbe. Mgeni akibonyeza Tuma yanatokea maandishi ya kijani "Asante, tumepokea ujumbe wako, tutakujibu ndani ya saa 24".

Sasa wiki iliyopita wamefika Kibirizi wazungu wawili, mtu na mkewe, Wabelgiji, na mabegi yao mgongoni wanaulizia boti yangu. Nikawapokea. Yule mama akaniambia kwa upole kabisa kwamba walituandikia mara tatu kupitia tovuti na mara zote tatu waliambiwa asante tumepokea, wakasubiri, kimya, wakaamua kuja hivyo hivyo. Siku hiyo boti ilishachukuliwa na watu wengine, wakaenda na boti ya jirani. Usiku sikulala. Hela inauma lakini kinachouma zaidi ni kwamba tovuti yangu imewadanganya watu mara tatu kwa jina langu. Na hao ndo waliokuja, ambao hawakuja ni wangapi?

Nimejaribu mwenyewe mara tano, kijani mara tano, barua hata moja hakuna. Hosti nimewapigia wanasema tatizo kodi, kijana anasema tatizo hosti, shemeji yangu anasema Gmail ndo inazila. Mi nimeshaanza kuamini hizi fomu hazifai, bora niing'oe niweke namba ya WhatsApp yaishe. Wenye uzoefu naombeni msaada.

#2 Dagaa_Mbichi
Spamu umeangalia?

#3 Fundi_wa_Ipuli
Pole sana nahodha. Nipo Tabora, kazi yangu ndo hii na ugonjwa huu nimeutibu mara nyingi tu.

Kwanza hayo maandishi ya kijani yasikusumbue, hayamaanishi unavyodhani. Kijana wako bila shaka katumia mail(), amri ya kutuma barua ya lugha ya PHP. Ile ikirudisha jibu la "ndiyo" inamaanisha tu seva (kompyuta ya hosti) imeipokea barua ili iipeleke. Ni sawa na kumpa konda bahasha pale stendi, konda kasema sawa mkuu nimeichukua, wewe unageuka unampigia mtu wa Nzega unamwambia mzigo umefika. Haujafika, umepokelewa na konda. Njiani huko linaweza kutokea lolote na PHP haitajua.

Pili naomba umuulize kijana swali moja: kwenye kile kisanduku cha mtumaji, ile "From", kaweka anwani ya nani? Nakubetia kaweka anwani ya mgeni. Wengi wanafanya hivyo kwa nia njema ili ukibonyeza jibu iende kwa mgeni moja kwa moja. Lakini fikiria, barua inatoka kwenye seva yako ya hosti halafu inasema "mimi natoka Yahoo". Gmail inaangalia SPF ya Yahoo, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, inaona seva yako haimo kwenye orodha, inaitupa. Yahoo tangu Aprili 2014 wametangaza wazi kwamba barua yoyote inayojiita yao bila uthibitisho ikataliwe. Haiendi hata spamu.

Dawa: From iwe anwani ya domeni yako mwenyewe (jina la tovuti yako), mfano fomu@ na domeni yako, af anwani ya mgeni iwekwe kwenye "Reply-To". Ukijibu inaenda kwake vilevile.

#4 Nahodha_Kibirizi
@Dagaa_Mbichi spamu nimeangalia mpaka macho yameuma, hakuna.
@Fundi_wa_Ipuli shukrani sana mkuu, mfano wa konda nimeuelewa. Kuhusu From sijui, kijana nitamuuliza. Barua zinatakiwa zije info@ ya domeni yetu, zamani tulikuwa tunaisomea kwa hosti hukohuko ila mwaka huu tumehamia kwenye Gmail ya kulipia.

#5 MzeeWaReli
Wanangu hamjambo. Mnajichosha. Weka namba ya simu, weka WhatsApp, mtu anapiga unapokea, mnaelewana bei, kesho yuko Kibirizi. Hizi fomu ni mambo ya maofisini.

#6 Mama_Nyuki
Shikamoo mzee. Mi naomba nikupinge kidogo, samahani. Ninauza asali hapa Tabora, kuanzia ya chupa mpaka ya ndoo. Wateja wa chupa kweli wote WhatsApp, lakini mnunuzi wa jumla hasa wa nje anataka maandishi, anataka aandike kwa utulivu aulize unyevu wa asali, vifungashio, cheti, na ahifadhi kumbukumbu ofisini kwao. Huyo hanipigii simu saa tano usiku ya huku. Oda yangu kubwa kuliko zote ilikuja kwa fomu. Kwa hiyo nahodha usiing'oe, itibu. WhatsApp weka pembeni yake, vyote viwepo.

#7 MzeeWaReli
Marahaba mwanangu. Haya nimekusikia, lakini Wabelgiji wa nahodha wangempigia wasingekosa boti, hilo nalo mlijibu.

#8 BintiUjiji
Jamani naomba niulize hapahapa maana linafanana. Mi nimejifunza HTML, nikatengeneza ukurasa wa ushonaji wangu nikaupandisha GitHub Pages maana ni bure, nikaweka fomu inayoita faili la PHP. Nikibonyeza Tuma inaleta 405 hairuhusiwi. Kwenye laptopu na XAMPP (programu ya kujaribia PHP) nako haikutuma ila angalau haikuleta hilo. Nimekosea wapi?

#9 Fundi_wa_Ipuli
@BintiUjiji hujakosea kodi dada, umekosea nyumba. GitHub Pages inagawa kurasa tu kama zilivyo, haiendeshi PHP wala haipokei kitu kinachotumwa na fomu, ndo maana ya hiyo 405. Una njia mbili, uhamie hosti yenye PHP au utumie huduma ya kupokea fomu kama Formspree, unabandika anwani wanayokupa kwenye "action" ya fomu, wao wanapokea wanakutumia imeili. Au Google Forms kama hujali mwonekano. Na XAMPP kwenye laptopu haina njia ya kusafirisha barua mpaka uielekeze kwenye SMTP (mfumo wa kutuma barua) ya mahali fulani, kwa hiyo kujaribia fomu kwenye laptopu bila hiyo setingi hakukuambii chochote.

#10 Kitwe_Online
Naona mnamzungusha nahodha. Mbona jibu amelitoa mwenyewe post namba 4? KAHAMIA GMAIL YA KULIPIA.

Iko hivi. Fomu ipo kwenye seva ya hosti. Barua inakwenda info@ ya domeni ileile. Seva ya hosti inajiuliza, hii domeni si ipo hapa kwangu? Basi barua ni yangu, inaidondosha kwenye sanduku la zamani lililopo humohumo ndani, haitoki hata mlangoni kwenda Google. Watu wengine wakikuandikia kutoka nje barua zinafika vizuri kwa sababu wanafuata rekodi ya MX inayowaelekeza Google. Fomu yako peke yake ndo inapotea. Ilinitokea mwaka juzi, miezi miwili naulaani mtandao bure.

Fanya hivi: ingia cPanel (ukurasa wa hosti wa kusimamia tovuti), tafuta "Email Routing", ikiwa imeandikwa Local weka Remote. Af kabla hujabadilisha fungua webmail ya zamani ya hosti (pale mlipokuwa mnasomea barua), nakuhakikishia barua zako zimelala humo. Hata meli yetu ya Liemba ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na mpaka 1927 ilikuwa inabeba watu tena. Zako nazo zitaibuka.

#11 Dagaa_Mbichi
Mfano wa Liemba umenibamba 😂

#12 Fundi_wa_Ipuli
@Kitwe_Online hoja yako ni nzito, kwa majaribio yake mwenyewe yale matano naweza kukubali. Ila kama From ni ya mgeni, hata akibadilisha hiyo routing barua zitatoka mlangoni zikagonge ukuta Google. Bado nasimama na langu.

#13 Kitwe_Online
Na mi nasimama na langu. Tusubiri afungue webmail.

#14 JirekebisheKwanza
Nahodha usihangaike, ondoa mail() tumia SMTP ya Gmail, weka imeili yako na paswedi yako ileile ya kila siku, af nenda kwenye akaunti uruhusu programu zisizo salama. Dakika tano kazi imeisha.

#15 Wakili_wa_Seva
@JirekebisheKwanza hapana, naomba watu wasifuate hii. Ule mlango wa programu zisizo salama Google waliufunga kwa akaunti za kawaida mwishoni mwa Mei 2022, haupo tena. Sasa hivi unawasha kwanza uthibitishaji wa hatua mbili, kisha unatengeneza paswedi ya programu, ina herufi 16, hiyo ndo unayoiweka kwenye setingi. Ikivuja unaifuta yenyewe bila kugusa akaunti nzima. Paswedi yako halisi usiiweke kwenye faili la tovuti hata siku moja.

Wazo la SMTP lenyewe ni zuri. Tumia PHPMailer (kodi iliyo tayari ya kutuma barua kwa PHP), mlango (port) 587 au 465. Usitumie 25, huo ni wa seva na seva, na hosti nyingi wameufunga kwa sababu ya watumaji wa takataka.

Na nimsahihishe kidogo ndugu yangu Fundi, post namba 3. SPF haiangalii ile From anayoiona msomaji. SPF inaangalia anwani ya juu ya bahasha, ile ambayo seva zinaambiana kabla barua yenyewe haijasomwa. Inayolinganisha bahasha na kilichoandikwa ndani ni DMARC. Ndo maana unaweza kukuta SPF imepita na barua bado imekataliwa. Dawa aliyotoa ni sahihi, maelezo ndo yalihitaji kunyooshwa.

#16 Fundi_wa_Ipuli
Uko sahihi mkuu, nilifupisha nikapotosha. Ahsante kwa kunyoosha.

#17 BintiUjiji
Samahani mi bado mgeni, kwa nini mtu aweze kuandika From ya uongo kwanza? Kwani mfumo haukaguliwi?

#18 Wakili_wa_Seva
Swali zuri sana dada. SMTP iliandikwa mwaka 1982 na Jon Postel, wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo na watafiti wachache, karibu wanajuana. Hakuna aliyefikiria mtu atajiita asiye yeye, kwa hiyo itifaki haikuuliza "una ushahidi gani?" Ni kama barua ya posta, nyuma ya bahasha unaweza kuandika jina lolote na stempu itagongwa. SPF, DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) na DMARC zote ni viraka vilivyokuja miaka ya 2000 na kuendelea, na tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM. Mnaotuma kwa mazoea ya 2015 ndo mnaoumia sasa.

#19 Mnyamwezi_Mtaratibu
Mwangaluka wote. Fomu za kwenye tovuti zililetwa na WordPress kama sikosei, kabla ya hapo watu walikuwa wanaandika anwani tu.

#20 Wakili_wa_Seva
Hapana mzee, WordPress imezaliwa 2003. PHP yenyewe ilipotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995 vifaa vyake vilikuja kuitwa PHP/FI, na hiyo FI maana yake ni kitafsiri cha fomu, yaani lugha nzima ilikulia kwenye fomu. Mwaka huohuo 1995 Matt Wright alitoa FormMail, programu ya fomu ya lugha ya Perl, ikasambaa dunia nzima kisha wahuni wakaigeuza mashine ya kutumia takataka, kwa sababu ilimruhusu mtu wa nje aamue barua iende kwa nani. Funzo la FormMail bado linatumika leo: anwani ya mpokeaji isitoke kwenye fomu, iandikwe ndani ya kodi. Na kisanduku cha jina kisiruhusu kuvunja mstari, mtu anaweza kuchomeka anwani mia mbili za Bcc (wapokeaji wa siri) kupitia hapo hapo.

#21 Mnyamwezi_Mtaratibu
Nimefundishwa, nashukuru. Mi niko WordPress na plagini ya fomu ya Contact Form 7 na tatizo ni lilelile la nahodha, lakini kwangu inaandika wordpress@ na domeni yangu ambayo ni anwani sijawahi kuiunda. Hiyo nayo ni sababu?

#22 Fundi_wa_Ipuli
Inaweza kuwa. Hiyo ndo anwani WordPress inajiwekea ikikosa nyingine. Weka plagini ya WP Mail SMTP uielekeze kwenye sanduku halisi. Na ongeza plagini ya Flamingo maana Contact Form 7 yenyewe haihifadhi ujumbe popote, imeili ikipotea ujumbe umepotea jumla.

#23 Karani_Mstaafu
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Mimi si mtu wa kompyuta sana, nimefanya kazi ya masijala miaka mingi na naona hapo kwa Fundi namba 22 mmegusa jambo lenyewe na mkalipita haraka.

Masijala barua ikifika, kabla mhudumu hajaibeba kwenda popote, inaandikwa kwenye daftari. Tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini. Kisha inapelekwa, na anayepelekewa anasaini. Mhudumu akiangusha barua njiani, daftari lipo, tunajua ilifika na tunajua nani alikuwa nayo. Sasa nyie mnamtengenezea huyu kijana fomu inayomkabidhi mhudumu barua pekee iliyopo duniani, bila daftari, halafu mnabishana mhudumu kaangukia wapi. Hata mkirekebisha leo, mwakani Gmail watabadilisha sharti jingine, mtaambiwa na Mbelgiji mwingine.

Ujumbe uandikwe kwanza kwenye daftari la tovuti, hilo mnaloita databesi. Imeili iwe kengele tu ya kumwita nahodha aje asome. Kengele isipolia, barua ipo. Na yale maandishi ya kijani yatokee baada ya daftari kuandikwa, hapo yatakuwa ya kweli.

#24 Mama_Nyuki
Mzee wangu shikamoo, umeongea vitu vya maana sana. Nitaomba fundi wangu aniwekee wiki hii hii.

#25 Nahodha_Kibirizi
Mzee Karani nimekusoma mara mbili. "Hapo yatakuwa ya kweli" imeniingia. Shikamoo mzee.

#26 Karani_Mstaafu
Marahaba. Na kila asubuhi ukiamka ufungue daftari, usingoje kengele.

#27 Sauti_ya_Kasulu
Naunga mkono daftari, lakini naomba mnisikilize na hili. Nahodha unauliza namba ya PASIPOTI kwenye fomu? Ya nini kwa mtu ambaye hata hajaamua kuja? Hizo namba zinasafiri kwenye imeili, zinalala kwenye inboksi, na mkiweka databesi zitalala na huko miaka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili na akusanye zinazohitajika tu. Hapo kwako kinachohitajika ni jina, imeili, tarehe na idadi ya watu. Pasipoti ataionyesha akifika.

#28 Nahodha_Kibirizi
Dah. Nilidhani nikiwa nayo mapema ndo urahisi wa kuandaa vibali. Naitoa.

#29 Dagaa_Mbichi
Mi nilichoka na roboti. Niliweka fomu wiki ya kwanza barua tatu, wiki ya pili nikaamka na mia na kitu, Kirusi, matangazo ya dawa, watu wanaotaka kuniuzia nafasi ya kwanza Google. Nikaitoa fomu mpaka leo.

#30 Fundi_wa_Ipuli
Weka mtego. Unaongeza kisanduku kimoja cha uongo mfano "tovuti yako", unakificha kwa CSS (kodi ya mwonekano) ili binadamu asikione. Roboti linajaza kila kisanduku linachokikuta. Ukikuta kimejazwa, unaitupa hiyo. Kwa fomu ndogo inakamata wengi, na hailemei mtu mwenye bando dogo kama zile picha za kuchagua mataa ya barabarani. Kwa Kizungu inaitwa chungu cha asali.

#31 Mama_Nyuki
Chungu cha asali!! Kumbe na nyie mnatega kama sisi. Huku mzinga mpya tunaupaka nta ndani ili nyuki waje wenyewe. Leo nimelala na furaha.

#32 MzeeWaReli
Na hiyo asali ya Tabora ukiichanganya na ndizi za Kigoma, hapo fomu zote tunazisahau. Nahodha migebuka inapatikana msimu huu? Nakuja na treni mwezi ujao.

#33 Nahodha_Kibirizi
Karibu sana mzee wangu, inategemea mwezi, giza likiwa zito wavuvi wanapata. Utanipigia tu, wewe namba utakuwa nayo 😄

#34 MzeeWaReli
Umeona? SIMU.

#35 Mtu_wa_Mwanga
Turudi kwenye mada. Mimi naona nyote mmeruka sababu ya nne. Nahodha alipohamia Google aliambiwa aongeze rekodi ya SPF ya Google, na ya hosti ilikuwepo tangu mwanzo. Ukiwa na rekodi MBILI za SPF kwenye domeni moja zote zinahesabika mbovu, inatakiwa moja tu iliyowataja wote wawili ndani yake. Mtu anaongeza ya pili anaona kaimarisha kumbe kabomoa. Nendeni mail-tester.com, inakupa anwani ya muda, unatuma barua kutoka kwenye fomu kwenda hapo, inakupa alama juu ya 10 na kukuonyesha kilichovunjika.

#36 Kitwe_Online
Hiyo ingeleta spamu, siyo kupotea kabisa.

#37 Mtu_wa_Mwanga
Inategemea. Mi kwangu zilikuwa zinapotea.

#38 Nahodha_Kibirizi
Wakuu narudi na majibu, niwieni radhi nilikuwa ziwani siku tatu.

Nimefungua webmail ya zamani kama alivyosema Kitwe. Mikono ilikuwa inatetemeka. Zipo barua 19. Majaribio yangu matano yamo, na kumi na nne ni za watu. Mwalimu mmoja wa Arusha alitaka kuleta wanafunzi wake waone sokwe na jumba la makumbusho la Ujiji. Familia ya Wajerumani. Mtu wa Bujumbura kaandika Kiswahili safi anauliza kama nafika mpaka Mahale. Nimekaa nimewajibu wote kumi na nne mmoja mmoja, nimewaomba radhi, nimewaeleza ukweli kwamba barua ilikuja mahali nisipoangalia. Wanne wamejibu hadi sasa, mwalimu amesema atakuja likizo ijayo.

Ila za Wabelgiji hazimo. Hata moja kati ya tatu. Nimetafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa neno Gombe.

Kijana naye amethibitisha From ilikuwa ya mgeni kweli. Routing tumeweka Remote tayari, From bado, anakuja Jumamosi kufanya hiyo na daftari la mzee Karani kwa pamoja. Pasipoti nimeshaitoa.

#39 Kitwe_Online
19! Hongera nahodha, nimefurahi kuliko siku barua zangu zilipopatikana.

#40 Fundi_wa_Ipuli
Hongera sana. Lakini za Wabelgiji hazimo, na hiyo ndo hoja yangu. Walitumia anwani ya nani, Yahoo?

#41 Wakili_wa_Seva
Fundi subiri, kama seva ilikuwa inadondosha humohumo ndani, DMARC ya Yahoo isingekaguliwa na Google maana haikufika Google. Labda chujio la hosti lenyewe ndo liliwazuia. Nahodha cPanel ina sehemu ya "Track Delivery", angalia tarehe zao, ila kumbukumbu hizo hazikai muda mrefu.

#42 Nahodha_Kibirizi
Nimeangalia, inaanzia siku kumi nyuma tu. Waliandika mwezi uliopita. Anwani yao ipo kwenye daftari la jirani aliyewapeleka, mwisho wake ni .be siyo Yahoo.

#43 Mtu_wa_Mwanga
Huenda walikosea kubonyeza, au kisanduku cha pasipoti kiliwagomea.

#44 Nahodha_Kibirizi
Mama yule alinionyesha picha ya skrini. Kijani kabisa.

#45 BintiUjiji
Kaka nahodha tunaweza kujaribu sisi toka nje leo? Nitumie linki PM, na Fundi mtumie, tukutumie sasa hivi wote wawili.

#46 Nahodha_Kibirizi
Nimewatumia. Karibuni.

#47 BintiUjiji
Nimetuma saa 4:12 usiku. Kijani imetoka.

#48 Fundi_wa_Ipuli
Saa 4:14. Kijani.

#49 Nahodha_Kibirizi
Ya Binti imeingia, imekuja 4:19, ipo inboksi kabisa siyo spamu. Ya Fundi hakuna. Nimeangalia spamu, nimeangalia na webmail ya zamani.

#50 Fundi_wa_Ipuli
Binti umetumia imeili gani?

#51 BintiUjiji
Gmail ya kawaida.

#52 Fundi_wa_Ipuli
Na mimi Gmail ya kawaida.

#53 Nahodha_Kibirizi
Saa 4:40 sasa, bado. Nabaki macho.